Mrija Niliokuahidi

Mdogo wangu Tatu,

Najua ungeanza kwa kuucheka mwandiko. Cheka tu. Kaka yako shule aliichungulia dirishani, lakini huku Doha hoteli nzima ya West Bay haiingii mtu mpaka mimi mlinzi nitikise kichwa.

Unakumbuka nilivyokubeba mgongoni kwenda shule? Midomo yako ilikuwa na rangi, nikakutania kwamba umekula zambarau zangu. Kumbe moyo ulikuwa na tundu.

Mwaka ule ulipokuwa unasubiri kupasuliwa, madaktari wa moyo walifanya mkutano hotelini kwetu. Ukumbini wakatundika picha kubwa: baba kitanda hiki, mtoto kitanda kile, katikati mrija wa damu. Nikamuuliza daktari mmoja mzee, Msudani, kwa Kiarabu changu cha getini. Akanieleza kwamba zamani, mtoto akipasuliwa moyo, damu yake ilipitishwa kwa baba, ikasafishwa na mapafu ya baba, ikasukumwa na moyo wa baba, ikamrudia. Mashine ilipopatikana, wakaacha.

Nilikupigia siku ileile. Nikajigamba nitakuja nilale pembeni yako, moyo wangu unatosha watu wawili na mbuzi juu. Ulicheka mpaka pumzi ikakata. Hilo la kuacha sikukwambia. Lingeharibu utamu.

Madaktari wageni walipofika Dar, jina lako likaitwa. Mama anasema uling'ang'ania chuma cha kitanda ukamwambia nesi, "Kaka hajafika. Yeye ndiye mashine yangu." Walikubembeleza, ukalia hadi ukabadilika rangi, wakaogopa kukugusa. Mama alinipigia mara ngapi sijui. Lindoni simu tunaziacha ofisini. Nilipoishika, nafasi yako alikuwa amepewa mtoto mwingine, na wageni walikuwa wanafunga mizigo.

Nikakwambia ukweli wote. Ukauliza, "Kwa hiyo unakuja, au huji?"

Nikasema nakuja. Kafili, bosi anayenidhamini huku, akakataa kutia saini ruhusa ya kutoka nchini, akasema baada ya Ramadhani. Ramadhani hukuimaliza.

Sasa huku kambini Muaither wenzangu chumbani wananisifu kwa utamu wa maneno yangu. Hawajui yalifanya nini. Sina la kurekebisha, Tatu, hata nikipewa mbawa leo.

Lala, mdogo wangu. Usinisubiri tena.

Kaka yako