Mtoto Aliyelilia Jina Lako

Kwako dada Adhiambo, uliyetutoka bila kuaga,

Leo asubuhi jirani ameniita ngazini, "Mama Adhiambo," nami nikageuka kukutafuta. Nilijua ni mimi ninayeitwa, lakini shingo iligeuka yenyewe na nguo zikaniponyoka kwenye beseni. Kati ya majirani wa huku mtaani Tassia hakuna anayejua kwamba jina hilo liliwahi kuwa la mtu mwingine. Nikaokota nguo, nikaendelea kupanda.

Unakumbuka chumba chetu cha mtaa wa Huruma? Ulikuwa unasomea ualimu wa baiolojia, na mimi wa kidato cha pili ndiye niliyekuwa darasa lako. Tukichambua mahindi na maharagwe ya githeri, hukukubali nitie hata punje moja sufuriani kabla sijaandika *Zea mays* kwa chaki kwenye mlango wa chuma. Jina la kwanza lianze kwa herufi kubwa, la pili kwa ndogo. Vitabuni huchapwa kwa herufi za mlazo, ila sisi wa chaki tupigie kila neno mstari wake, na mistari isigusane. Nilipofika kwa mende, *Periplaneta americana*, niliweka A kubwa kwa heshima ya Amerika. Ukaifuta kwa kidole ukicheka.

"Weka ndogo, bana. Kwa hii nyumba mende hana cheo, hata akitoka majuu."

Siku nyingine uvivu ulinishika nikaandika *P. americana* tangu mwanzo. Ukaniuliza mgeni atajuaje huyo P ni nani. Taja jina zima kwanza, ukasema, ndipo ufupishe. Lakini lililoniingia zaidi ulilisema ukikoroga githeri: majina hayo mawili yakikaa pamoja ni ya aina moja tu ya kiumbe duniani kote, hayagawiwi mwingine. Wakati huo nililipenda sana neno hilo. Kisha kifua kikakuchukua, na hukuwahi kupata darasa la kweli.

Sasa nina binti, dada. Tulimwita Neema. Wiki chache baada ya kuzaliwa alianza kulia, hanyonyi, halali. Zahanati wakampima, wakasema ni mzima. Mama mkwe akaja kutoka nyumbani. Alasiri moja akampakata, akaanza kuwaita wafu wa pande zote mbili, mmoja mmoja, kama kwetu wanavyofanya mtoto anapolilia jina. Akamwita babu, wapi. Akamwita shangazi, wapi. Nilikuwa nimesimama jikoni nikiomba asifike kwako. Alipokutaja, mtoto akanyamaza akatazama mlangoni.

"Ni huyu anataka jina," mama mkwe akasema. "Mpe, mama, apumzike."

Nikampa. Ningefanyaje? Tangu hapo ananyonya, amenenepa hadi mikono ina mikunjo. Mchungaji anasema ilikuwa gesi tumboni tu, na huenda ni kweli. Lakini mtoto akiutazama mlango, mimi huinuka nikaufungua. Naona ngazi tupu na ndoo za majirani, nafunga, najiona mjinga. Kesho nafungua tena.

Nimekukosa sana, Adhiambo. Kuna raha kulitamka jina lako kila siku, kulifokea, kuliimbia, kuliosha miguu. Kisha mtoto akikohoa kidogo tu, nasikia kifua chako, na raha yote hunyauka. Namwinua, nasikiliza mgongo wake kwa sikio, sijui ni nani kati yenu ninayemwita. Nakupenda na ninakuogopa, na aibu yake sijui niitue wapi.

Tangu tukuzike sijakuomba kitu. Leo naomba. Jina ni lako, lichukue, ulifurahie.

Mtoto niachie.

Mdogo wako wa tumbo moja