Jogoo Aliyechinjwa kwa Herufi Moja

S.L.P. 41,
Kathiani.
14 Juni 2025

Mpendwa binamu na rika yangu Musili,

Uvoo waku? Joto la Lodwar linakutendaje? Sisi huku tu wazima, maharagwe yamekubali, na mke wangu Mbithe bado ananicheka kwa jambo nitakalokusimulia. Sikulisema kwa simu maana mtandao wako hukata maneno, na maneno nusu yameshaniaibisha vya kutosha.

Mwaka jana nilichangia damu kanisani, nikaitwa kliniki. Muuguzi akasema, "Mzee Nzomo, tumepata kinga ya hepatitis C kwenye damu yako." Masikio yangu yakasikia: kinga ninayo, hepatitis si! Sikungoja amalize. Nilirudi nyumbani mbio, nikachinja jogoo, tukamshukuru Mungu kwa wali na mchuzi.

Binti yetu Ann aliisoma karatasi jogoo akiwa amebaki mifupa. "Baba, hii C ni herufi. Wanataka urudi wapime virusi vyenyewe." Vikapatikana, tele.

Daktari alinieleza polepole. Mwili wangu haukulala, kinga ulitengeneza. Shida ni kwamba kirusi hiki kikizaana ndani ya ini hukosea kujinakili, kwa hiyo watoto wake hutoka na sura tofauti tofauti. Kinga ikishaijua sura ya jana, kirusi cha leo kinapita na sura mpya. Na askari wa mwili wakipigana miaka na miaka huchoka, kama mbwa aliyebweka hadi akaona heri alale. Kwa hiyo kuonekana kwa kinga si kupona.

Niliogopa, Musili, sikufichi. Lakini nilimeza dawa kila siku kwa wiki kumi na mbili, na mwezi uliopita kipimo kilionyesha virusi havimo tena. Mbithe alilia, kisha akauliza kama kuna jogoo mwingine.

Sasa kilichonishikisha kalamu. Daktari aliuliza kama niliwahi kutumia wembe na wenzangu. Nikakumbuka Agosti ile tulipotahiriwa: kisu kimoja, vijana sita. Hakuna ajuaye kama ugonjwa ndiko ulikotoka. Ila wewe ulikuwa nyuma yangu, tena ulinisukuma nitangulie! Nenda ukapimwe, tafadhali, hata kama hujisikii mgonjwa. Mimi pia sikuumwa popote.

Msalimie shemeji Lavender na watoto. Mbithe na Ann wanakusalimu. Mungu akulindie hilo ini. Jogoo mwekundu nimekuwekea, lakini hachinjwi mpaka Ann aisome karatasi yako.

Nimetangulia tena, ndugu yangu. Nifuate.

Wako wa damu moja na kisu kimoja,
Nzomo