Mfuniko Uliouomba Miezi Kumi na Minne

Mwaka umetimia leo, Mama, tangu ubao ule uvunjike chini ya miguu yako na maji ya tangi la hospitali yakuchukue mchana kweupe, hatua ishirini kutoka wodi yenye madaktari watatu.

Baba alitaka tuandike maneno machache tu, upumzike kwa amani, basi. Tulijaribu. Kila tukiandika "pumzika", mmoja wetu anaikata. Wewe hukuwa mtu wa kumeza neno likakukwama kooni, nasi ni wanao. Kwa hiyo tutasema mapenzi yetu, kisha tutasema na yale mengine, na wanaosoma wasikie.

Wengi walikujua kwa jina la Mama Pasi. Miaka kumi na tisa ulikuwa dobi wa hospitali ile, na hakuna kitambaa kilichopita mikononi mwako kikatoka na mkunjo. Ulipiga pasi hadi matambara ya kudekia. Nesi mkuu alipokuuliza, "Mama Pasi, hilo si tambara tu?" ulimjibu, "Tambara nalo linataka kutoka nje likiwa na uso wake." Shuka za wodi ya wazazi ulizinusa moja moja kabla hazijaondoka, kwa sababu, ulisema, mtoto hapaswi kuijua dunia kwa harufu ya dawa ya madoa.

Nyumbani ulitushika kola kabla ya kutusalimia. Ulicheka kabla utani wako haujafika mwisho, na mpaka leo kuna visa vyako vingi ambavyo mwisho wake hatukuwahi kuusikia. Baba ulimwita "mpangaji", kwa kuwa kila siku aliuliza chumvi iko wapi katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Mama, mpangaji wako sasa anajua chumvi iko wapi. Angependa asijue.

Wanaosoma hapa hawalijui tangi lile, acha tuwaeleze. Limechimbwa chini ya ua wa kufulia nguo, kina chake watu wawili mmoja akisimama mabegani mwa mwenziwe. Mdomo wake ni mpana kama meza ya watu wanne. Ndani hakuna ngazi, na kuta zake zinateleza kwa utelezi wa kijani. Zamani lilikuwa na mfuniko wa chuma. Mafundi walipokuja kubadilisha pampu waliung'oa, ukapinda, wakaupakia garini waende kuunyoosha. Msimamizi wa majengo akasema utarudi wiki ijayo.

Wiki ijayo hiyo ilikwenda miezi kumi na minne.

Hukukaa ukasubiri. Ulitafuta ubao mrefu, mlango wa zamani wa stoo, ukaulaza juu ya shimo na kuukandamiza kwa mawe. Ulisimika vijiti pembeni ukavifunga vitambaa vyekundu. Watu waliokuja kutazama wagonjwa walipita pale na watoto, na sauti yako ilifika getini: "Huyu mtoto wa nani? Mshike mkono. Hapa hapachezewi." Wengine walikununia. Mmoja alikwambia una roho mbaya, hupendi watoto. Ulituhadithia hilo huku ukikunja nguo, ukasema, "Aninunie, lakini aende na mtoto wake nyumbani."

Kisha kuna kile kitabu cha matengenezo, kile kinachowekwa ofisini ili kila kitengo kiandike kilichoharibika. Ulisoma mpaka darasa la tano, na mwandiko wako ulikuwa mkubwa, herufi zimesimama wima kama nguo kwenye kamba. Uliandika mara kumi na moja. Tunazo kurasa zote. Ya kwanza inasema: "Tangi la dobi halina mfuniko. Watoto wanapita." Ya tano: "Nimeweka ubao lakini ubao si mfuniko." Ya mwisho, siku tisa kabla: "Ubao umeanza kuoza. Naomba mfuniko kabla mtu hajaingia."

Ulimfuata na msimamizi mwenyewe, kwa miguu yako, si mara moja. Tunayakumbuka maneno yake kwa sababu ulirudi nayo nyumbani jioni ile.

"Mama Pasi, kazi yako ni nguo," alikwambia.

"Na maji ya nguo yamo humo tangini."

"Suala hilo limo kwenye mpango."

"Mtoto akitumbukia, naye nimwambie asubiri mpango?"

Akacheka. Ulitusimulia hayo ukiwa unavua viatu mlangoni, na jioni ile hukucheka hata kidogo.

Na sisi, Mama, hatutajificha nyuma ya mtu. Tulikwambia, "Achana nao, utagombana na wakubwa bure, mwakani unastaafu." Tulikuonea huruma ya kijinga. Ulikuwa ukipigania uhai, nasi tukadhani unapigania mfuniko. Hilo tunalibeba wenyewe, na hatumwombi mtu atutue.

Ya siku ile tumeelezwa na binti uliyekuwa naye zamu moja. Amekuja nyumbani mara tatu, na mara zote ameyaeleza vilevile, bila kuongeza wala kupunguza. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi. Umeme ulikatika, pampu ikanyamaza, na shuka za chumba cha upasuaji zilikuwa zimeloweka. Kukiwa hivyo maji huchotwa kwa ndoo. Binti akainuka, ukamzuia. "Kaa hapo," ulimwambia, "miguu yako ina haraka, na ule ubao hautaki haraka."

Ukachukua ndoo na kamba yake, ukapanda ubaoni kuchota kwenye upenyo wake. Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Ubao ulilia mara moja, kama kuni inavyovunjwa gotini, na binti alipotoka mbio aliona vijiti na vitambaa vyekundu tu.

Ulikuwa hai. Hapo ndipo watu hawataki tupaseme, na hapo ndipo tutakaposema kila siku. Ulikuwa hai, umeshika bomba la pampu kwa mikono miwili, maji yakiwa kifuani. Hukujua kuogelea, nani angekufundisha? Ulimwita binti kwa jina lake, kwa sauti ile ile ya kuomba vibanio. "Nimeshika bomba," ulisema. "Usisogee ukingoni. Leteni ngazi."

Ngazi ilikuwapo. Ilikuwa stoo, hatua kumi kutoka pale. Stoo ilikuwa imefungwa, na ufunguo alikuwa nao msimamizi wa majengo, na msimamizi alikuwa kwenye kikao. Mlinzi alipanda ngazi za ofisi mbili mbili. Mlangoni akaambiwa na karani, "Subiri kidogo, wako katikati ya ajenda." Akasema kuna mtu majini. Akaambiwa, "Nimesikia, ngoja niwape karatasi ndogo." Karatasi ndogo, Mama. Mlinzi alisimama akangoja, kwa kuwa mtu aliyelindishwa mlango miaka yote hafundishwi kuuvunja. Hatumlaumu. Analia mwenyewe.

Kamba haikuwapo: nguo zinaanikwa kwenye waya, na ile ya ndoo ilizama nawe. Hospitali nzima, hapakuwa na kamba nyingine wala boya, wala mtu mmoja aliyewahi kuelekezwa afanye nini mwenziwe akiwa majini. Binti na wapishi wawili wakafunga shuka kwa shuka wakazishusha. Ulipoachia mkono mmoja ili uzidake, ule mwingine ukateleza. Dereva wa gari la wagonjwa ndiye aliyefika akiwa amekwisha kuvua viatu. Hakuuliza kitu. Alijifunga shuka kiunoni, akawaambia wapishi washike, akazama. Alikutoa mara ya tatu.

Madaktari walikuhangaikia pale pale, juu ya sakafu ya chumba cha kupigia pasi. Walifanya waliloweza. Dereva alituambia siku ya mazishi, akimtazama Baba tu: "Mzee, alishikilia bomba karibu dakika kumi. Ngazi ingetosha. Hata kamba ya kufungia mbuzi ingetosha." Hakula chochote siku ile.

Siku hiyo hiyo alisimama bwana mmoja kutoka utawala, suti imemkaa vizuri, akasoma rambirambi. Alisema tukio hili ni kazi ya Mungu na hakuna aliyeweza kulizuia. Mjomba, kaka yako, yule unayemjua hazungumzi mpaka aombwe, aliinuka kutoka kwenye mkeka. "Mungu hakuombwa mfuniko," alisema. "Mliombwa ninyi." Kisha akakaa.

Siku ya nne baada ya kukuzika tulikwenda kuchukua viatu vyako vya kazi na kikombe chako. Tangi lilikuwa limefunikwa. Chuma kipya, kimepakwa rangi, kimefungwa kwa kufuli. Siku nne. Tulisimama juu yake, sisi wanao watatu. Kumbe kazi yenyewe ilikuwa ya siku nne.

Halafu ikaja taarifa yao. Kurasa mbili, na kwenye ukurasa wa pili wameandika kwamba marehemu alikanyaga ubao "kwa uzembe wake mwenyewe". Wakampa Baba kalamu aweke saini kwamba familia imeridhika.

Uzembe. Wewe uliyepanga vibanio kwa ukubwa. Wewe uliyerudi kutoka kituo cha basi kuhakikisha pasi imechomolewa. Waliziba masikio miezi kumi na minne, kisha kwa macho makavu wakamwita mzembe yule yule aliyekuwa akiwapigia kelele.

Baba aliisoma mara mbili, akavua miwani. "Neno hili silitii saini," alisema, akairudisha kalamu mezani. Hiyo ndiyo hotuba ndefu aliyoitoa mwaka mzima.

Toka hapo alikwenda ofisini kwao kila Jumatatu. Shati alipiga pasi mwenyewe, na kola yake, Mama, ungeifichia uso. Njoo kesho, njoo wiki ijayo, faili limepanda juu, faili limeshuka chini. Kitabu cha matengenezo kikatangazwa kimepotea. Walichokuwa hawajui ni kwamba nesi mkuu alizipiga picha kurasa zako zote kumi na moja jioni ile ile uliyofariki, kabla mtu hajafikiria kukipoteza. Aliziweka hadi alipopatikana mtu wa kumwonyesha.

Alipatikana mwezi wa nane, mkaguzi wa usalama kazini, mama mmoja mfupi mwenye daftari. Baba alikuwapo alipomhoji msimamizi.

"Mwandiko huu ni wa nani?"

"Wa marehemu."

"Na hii sahihi ya kupokea, chini ya kila ombi?"

Msimamizi akazisukuma picha kando. Ilikuwa yake. Alikuwa amesaini mara kumi na moja kwamba amesoma.

Mwezi uliopita taarifa mpya imetoka. Neno uzembe bado limo, ila limehamia kwa wenyewe. Imeandikwa kwamba ulitoa taarifa ya hatari kwa wakati na ukapuuzwa, na kwamba ulikufa kwa sababu tangi liliachwa wazi na hapakuwa na chombo cha kuokolea. Baba aliisoma sebuleni akiwa amesimama, mwanzo hadi mwisho, hata namba za kurasa. Alipomaliza alikwenda chumbani akafunga mlango.

Msije mkadhani tumeridhika. Yule msimamizi hakufukuzwa, amehamishwa. Yuko hospitali nyingine, kapewa ofisi yenye dirisha, na huko nako kuna tangi. Tulipouliza kama mfuniko wake umekaguliwa, tuliambiwa suala hilo limo kwenye mpango.

Lakini acha tukupe na habari hii. Kitinda mimba wako, yule uliyesema ana aibu hata ya kuomba nauli, aliliona tangi wazi kwenye shule ya mwanawe. Alimwona mwalimu mkuu, akaambiwa fundi atakuja wiki ijayo. Hakubishana. Aliomba kiti, akakiweka kando ya lile tangi, akakaa. Wakamsihi, wakamtisha, akawaambia ataondoka mfuniko ukifika. Saa nane mchana fundi akaja na mfuniko.

Kwa hiyo wewe unayesoma haya, usitupe pole tu. Inuka ukatazame. Tangi la nyumba unayopanga, kisima cha jirani, shimo la ujenzi lililojaa mvua, pipa ambalo mtoto wa mwaka mmoja anaweza kujivuta na kuinamia. Lifunikwe, lifungwe. Kamba itundikwe mahali ambapo kila mtu anapajua, na ngazi isifungiwe. Mtu akiwa majini usijitose mikono mitupu, mtupie kitu cha kushika na upige kelele. Ukiambiwa wiki ijayo, omba kiti.

Wanaokukumbuka ni mumeo, ambaye bado analala upande wake ule ule wa kitanda. Sisi wanao watatu, mimi wa kwanza niliyeandika haya, mdogo wangu fundi umeme, na kitinda mimba. Kaka yako na dada zako wawili, mkweo, wifi zako, na wajukuu wanne, mmoja akiwa na miezi miwili, hukumwona. Nesi mkuu, binti wa zamu yako, wapishi wale wawili, mlinzi, na dereva wa gari la wagonjwa, ambaye kwetu sasa ni ndugu.

Tutakukumbuka siku zote, Mama, na tangi lililo wazi hatutalipita tena tukanyamaza.