Dawa ya Karafuu Inaongoza

Jumatatu, 2 Machi

Tyubu tatu za dawa ya meno zimefika. Nimezipanga kwenye meza ya duka, kati ya sabuni na mafuta ya nywele, nikavaa miwani nikaanza kazi ninayoipenda kuliko zote: kusoma maandishi madogo. Wateja hawaniiti Mama Lebo bure.

Mbele zote zinajitapa sawasawa: asilia, haina floridi. Haya. Hicho ni kisichokuwemo. Mimi nataka kilichomo.

Ya kwanza: mkaa, gliserini, mafuta ya nazi, mnanaa. Ya pili: udongo mweupe, soda ya kuokea, chumvi, mwarobaini. Ya tatu: chaki iliyosagwa, gliserini, mafuta ya karafuu, na zailitoli — aina ya sukari ambayo eti haiozeshi meno. Lakini zailitoli wameitaja mwisho kabisa! Viambato huanza na kilicho kingi, kwa hiyo hapo wamenusisha tu.

Rafu ina nafasi ya dawa moja. Na nimeshawaambia wateja tangu nifungue: hakiuzwi hapa kitu ambacho hakijapita nyumbani kwangu. Basi kitapita.

Jumanne, 3 Machi

Nimempigia rafiki yangu wa kliniki ya meno, yule tunayemwita Daktari Nusu. Kacheka mpaka simu ikakwaruza. Kasema yeye na floridi yake hawaachani, na binti yangu nimwache na dawa yake ya siku zote, nisimfanyie mtoto majaribio. Nimekubali. Kwa watu wazima kasema shauri yetu, ila atakuja mwenyewe Jumapili ya wiki ijayo na vidonge vyake vya rangi. Unatafuna, unasukutua, palipo na uchafu panabaki pekundu. Hakuna kudanganya.

Nimegawa. Mume wangu mkaa, mimi udongo, Mama mkwe karafuu. Asubuhi na usiku, bila kukosa. Mama kaipokea tyubu kwa mikono miwili, kaigeuzageuza, halafu kasema, "Sawa, mkwe. Ukisema nisugue, nitasugua."

Ni mwezi wa pili tangu ahamie kwetu na bado ananiita mkwe. Sijui nitafanya nini ili aniite kingine.

Jumatano, 4 Machi

Sinki ni jeusi. Kioo kina madoa meusi. Mume wangu kaenda kazini na weusi kwenye kona za mdomo, na sikumwambia. Jioni kaniuliza kwa nini siku nzima bosi wake alikuwa anamwonea huruma.

Udongo wangu? Chumvi tupu. Ni kama kulamba ukuta.

Jumamosi, 7 Machi

Mama anajifungia bafuni. Komeo kabisa! Maji yanatiririka, anaimba, anatoka anang'aa. Nikamuuliza anaionaje dawa. Kasema, "Inanukia." Kwisha.

Mume wangu akaanza hotuba yake: meno ya ukoo wao, Mama hajawahi kung'oa hata moja, angalieni wenyewe, umri ule! Anaihutubia meza. Mama akainamia chai yake. Nikampitishia karanga, akasema ameshiba. Kila siku anashiba zikifika karanga.

Leo pia nimetaka kuosha ile glasi iliyo kando ya kitanda chake, iliyofunikwa kisahani. Kanizuia mlangoni. "Hiyo usiiguse, mkwe. Ni maji yangu ya dawa." Nikarudi kinyumenyume. Kila mtu na siri yake ya tumbo.

Jumanne, 10 Machi

Meno ya Mama ni meupe kuliko ya sote. Leo wateja wawili wameona wenyewe alipopita kuchukua sabuni. Mmoja kauliza, "Mama anatumia nini?" Mimi na mdomo wangu: karafuu! Nikachukua chaki, nikaandika kwenye ubao wa nje: DAWA YA KARAFUU INAONGOZA. MATOKEO JUMAPILI, WOTE KARIBUNI.

Mpaka jioni ubao umesomwa na mtaa mzima. Wamama wanauliza kama inawafaa na waume zao. Mume wangu kasema kama ni hivyo, mkaa wake ameustaafu. Nimemwambia amalize wiki.

Ijumaa, 13 Machi

Siwezi kuandika vizuri, nacheka na kulia kwa pamoja.

Mama kaniita chumbani kwake mchana, duka likiwa tupu. Kafunga mlango. Kasema, "Mkwe, hii dawa yako inayakwaruza." Nikamwambia afungue mdomo nione. Akageuka ukutani, akarudi na meno mkononi.

Mkononi! Yote ya juu. Kumbe ile glasi ya maji ya dawa ndimo yanamolala.

Aliyatengenezesha kabla ya kuja kwetu, ili mwanawe asijue. Yake yalimwisha moja moja, na kila akipiga simu kijana anamsifia meno. Akashindwa kusema. "Ananionea fahari kwa hayo," kaniambia, na bila meno sauti yake ilikuwa ndogo sana. Nikaona haya kumtazama, halafu nikaona haya kutomtazama.

Nikamuuliza, sasa karafuu ulikuwa unaitumiaje? Akashangaa. Anayashika kiganjani, anayasugua. Asubuhi na usiku. "Ulisema bila kukosa."

Tukaangua kicheko. Tulicheka mpaka akakaa kitandani. Kweli yamepata michirizi, kwa ile chaki. Kumbe meno ya bandia hayataki kusuguliwa na vitu vya kukwaruza, na mimi msomaji wa lebo sikuuliza inapakwa kwenye meno gani.

Kisha akanishika mkono. Nisimwambie mtu, hasa mwanawe. Nimeapa.

Ubao uko nje.

Jumamosi, 14 Machi

Nimefuta INAONGOZA. Mteja wa kwanza kauliza imeshindwa na nani. Nimeandika tena.

Nikisema karafuu ndiyo bora, nawauzia wamama uongo, nao wataamini kwa sababu ni mimi. Nikisema kweli, nimemuumbua Mama mbele ya mwanawe. Nimemwambia asije kesho, nitasema anaumwa kichwa. Kasema, "Tuone."

Daktari Nusu ataona mara tu mdomo ukifunguka. Kazi yake ni hiyo.

Jumapili, 15 Machi

Naandikia stoo, nimekaa juu ya katoni ya sabuni. Nimesema nafuata maji.

Duka limejaa mpaka mlangoni. Mume wangu ametafuna kidonge kwanza, akacheka — mdomo mwekundu wote! Mkaa nje. Watu wamemshangilia kama bwana harusi. Mimi nusu nyekundu, nusu nyeupe. Udongo una afadhali kidogo, lakini nani atavumilia ladha ile.

Halafu Mama akaingia. Kavaa nguo yake nzuri. Kichwa hakimuumi.

Mume wangu anamvutia kiti mbele ya watu wote. Anasema, haya sasa, ona meno ya ukoo! Daktari Nusu anavaa glovu. Mteja mmoja ameshatoa pesa, anataka karafuu yake sasa hivi.

Nikitoka nitasema nini? Nimewaza kuzima umeme. Nimewaza kuzimia.

Hakuna anayecheka.

Sauti ya Mama kwa mwanawe, taratibu, haina haraka: "Baba, shika huu mkoba wangu. Na usikasirike." Sijui anamwambia nini tena, wanasogeza kiti.

Sasa ananiita mimi. "Mwanangu! Pita chumbani, niletee ile glasi yangu. Kisahani kiache."