Ufunguo Ulio Kiunoni mwa Mama

Kansay, Karatu
9 Juni 2024

Mpendwa Kaka Hhando,

Shikamoo Kaka. Habari za Malambo? Wifi Nasieku anaendeleaje na mguu wake, na watoto je, shule wanakwenda? Nasikia huko kwenu vumbi limewahi mwaka huu na ng'ombe wameshasogezwa mbali. Poleni sana. Huku sisi ni wazima wa mwili. Baridi imeingia, ukungu hautoki mpaka saa nne, na mahindi yamekubali isipokuwa yale ya bondeni. Mama ni mzima, bado anatushinda wote kwa jembe.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia barua na simu ipo. Kaka, nikikupigia tu Mama husogeza kigoda akakaa karibu, na haya siwezi kuyasema akisikia. Barua hii nimempa dereva anayekuja mnadani huko kwenu, ni mtu mwaminifu.

Remigius, mume wa Lusia jirani yetu, amefariki. Aliugua kifua kwa muda mrefu. Tumemzika wiki iliyopita, na watu walijaa kweli kweli. Na kwenye msiba huo, Kaka, tumeaibika. Nasema sisi, nyumba ya baba yetu Piusi.

Unaijua desturi ya ile bustani ya pamoja pale chemchemi. Akifa mtu, kina mama huingia na vikapu vyao na kuchuma mboga za msibani kwenye tuta lolote, hakuna anayeuliza hili ni la nani. Hata waliogombana huchumiana. Safari hii walikuta geti limefungwa. Ufunguo ulikuwa kwa Mama, kwenye pindo la kitenge kiunoni, unapokaa siku zote tangu Baba atutoke.

Chanzo chake ni hiki. Mwezi wa tatu Lusia alisimama kwenye kikao cha kina mama akasema ufunguo uwe wa zamu, kila mmoja aushike msimu wake. Hakumtukana mtu, jamani. Mama alirudi nyumbani hakugusa chakula. Kesho yake Lusia alikuta tuta lake limegawiwa mtu mwingine, na sote tukanyamaza, maana nani atabishana na mjane wa Piusi?

Basi siku ya msiba kina mama wamesimama getini na vikapu vitupu, na Mama anawajibu kutoka ndani, "Nendeni mkachume kwa hao wanaotaka zamu." Wakambembeleza, "Aayo, mama yetu, tafadhali, maiti iko ndani." Hakugeuka. Na mimi nilikuwa wapi? Nilikuwa humo humo ndani, napalilia vitunguu. Walinitazama mimi, si yeye. Nikainama. Mtu mzima, mama wa watoto, nikajifanya natafuta magugu ambayo hayakuwepo! Mpaka leo nikikumbuka nataka ardhi inimeze.

Waombolezaji walikula makande matupu. Halafu akaja Nareyu, yule mama wa Kimaasai anayetuuzia maziwa, amebeba vibuyu viwili. Akaviweka miguuni pa Lusia, akaketi chini. Nareyu huyo mwaka jana aliomba tuta, Mama akamwambia watu wa ng'ombe watatuletea mbuzi bustanini. (Hapo usimsomee wifi, ni watu wake hao, nakuomba.) Nilipopokea kikombe cha maziwa yale nilikipitisha kwa aliyekaa karibu nami.

Sasa mambo yamefika pabaya. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili kuna mkutano wa kijiji, na ajenda ni bustani tu, ishikwe na nani. Mtendaji anataka iwe chini ya ofisi ya kijiji. Wengine wanasema parokia. Kuna mmoja akapendekeza ikodishwe kwa loji za mjini, walime saladi za wageni. Hee! Na sisi tule nini? Kina mama wanataka kuishika wenyewe wanaolima, ufunguo kwa zamu, vilevile alivyosema Lusia. Mimi niko upande wao, ila kimoyomoyo, mdomo sijaufungua bado. Na nakuambia ukweli, hata ningepewa mimi ufunguo ule miaka yote hii, sijui ningekuwa mtu wa namna gani.

Mama amesema hatoi. Anasema eneo lile Baba aliwaazima tu kina mama, hakuwapa. Wazee waliokuwepo siku ile Baba alipolipima wote wameshakufa. Amebaki yeye, na wewe uliyeshika kamba ya kupimia. Mimi nilikuwa kwa shangazi kule Mbulu. Kila siku ananihimiza nikuite uje useme, "Baba aliazima." Lakini wewe mwenyewe ulinisimulia, siku tulipomaliza matanga ya Baba, kwamba alisema hili ni la kila mwenye jembe, hata yeye akifa. Sijasahau.

Mama si mtu mbaya, Kaka. Ile miaka ya ukame nani alibeba maji kichwani miche isife? Nafikiri anaogopa kwamba akiutoa ufunguo hakuna atakayepita kumwamkia tena. Nikiwaza hivyo namhurumia mpaka machozi.

Naona haya kukuomba usimame umkanushe mama yetu mbele ya watu. Lakini naona haya zaidi kupita mlangoni kwa Lusia. Njoo kabla ya mkutano. Tukae naye nyumbani, sisi wawili, tumwombe autoe kwa mkono wake mwenyewe. Akikataa, useme ulichokisikia. Nami nitasimama pembeni yako, sitainama tena.

Nisalimie wifi na watoto wote, na mzee Senteu baba mkwe wako, mwambie ile dawa ya mgongo ilinisaidia. Martha wangu anakusalimu, ameanza darasa la tano. Mungu awalinde njiani na awape mvua kwa wakati wake.

Mama naye anakusalimu sana. Anadhani nimekuandikia maneno yake. Amekufungia mboga kavu, zimo kwenye mfuko huu huu pamoja na barua. Alichagua majani laini tu huku akilitaja jina lako, akazianika mwenyewe na kuwafukuza kuku. Nimeshindwa kumwambia kitu, nimezipokea na kuzifunga. Alizichuma asubuhi ile ile, baada ya wale kina mama kuondoka getini. Usizile, Kaka. Njoo nazo, tumpelekee Lusia.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Blandina