Kopo la Samli na Ringi za Pistoni

Mjukuu wangu Akello,

Goti la bibi yako limepona, na anakusalimu sana. Unauliza ununue kibanio gani cha kubana ringi ili pistoni iingie kwenye silinda. Chochote kinachozikumbatia pete hizo za chuma pande zote.

Enzi za utawala wa jeshi madukani hakukuwa na kitu, kwa hiyo nilikata kopo la samli la bibi yako, nikalipaka oili, nikalizungushia pistoni, nikalikaza kwa waya. Pistoni ikakwama katikati. Mwanajeshi mwenye gari nililokuwa nikilitengeneza, bunduki begani, akasema, "Gonga, fundi."

"Ngoja kidogo, afande."

Nikaitoa. Ringi moja ilikuwa imechungulia nje ya kopo. Ningegonga ingevunjika, na Kampala nzima hakukuwa na nyingine. Nikakaza upya, pistoni ikateleza ndani kwa kusukumwa na mpini wa nyundo tu.

Ikikataa, usigonge. Itoe uitazame. Hata mwenye bunduki alingoja.

Babu yako, Kisugu