Neno Ulilolipeleka Kidahwe

Baba mdogo Haruna,

Leo sianzi na shikamoo. Ukiwa hai nilikuamkia hata siku ambazo sikutaka kukuona, kwa sababu Mama mdogo alikuwa anasikiliza. Sasa hakuna anayesikiliza, na wewe huwezi kunikemea. Nakuandikia nikiwa na hasira. Ujue hivyo tangu mwanzo.

Watu wa Ujiji bado wanakusifu. Nikipita sokoni nasikia nyuma yangu, "Huyo ni mtoto wa Haruna, yule fundi wa kampeni." Wanasema hakuna mgombea uliyemshika akaanguka. Ni kweli, na mimi nilikuwepo. Nilipanda gari lako la matangazo tangu nikivaa sare za shule ya msingi, miguu haifiki chini, nawe unaniachia maikrofoni niite "halo, halo" mpaka mbwa wa mtaa mzima wanabweka. Nilikupenda, Baba mdogo. Ningekuwa sikukupenda, ningeshanyamaza.

Kazi ulinifundisha wewe. Ulinifundisha kutangulia kwa watu kabla mgombea hajafika, kukaa na kina mama wanaoanika dagaa, kuuliza mtoto gani anaumwa, na siku ya kurudi kuuliza kama amepona. Uliniambia, "Mwaju, usidanganyike na vijana wanaocheza mbele ya jukwaa. Angalia wanawake waliosimama nyuma na watoto mgongoni. Wale ndio watakaoamka kwenda kituoni." Nilidhani hiyo ndiyo kazi yote. Kumbe ilikuwa na upande mwingine, na huo uliufanya bila mimi.

Unamkumbuka Leokadia, muuza dagaa wa Kibirizi, aliyegombea udiwani dhidi ya Mheshimiwa wako, yule uliyekuwa unamfanyia kampeni? Alikuwa anatushinda. Tulipita pale na gari na muziki, wanawake wa mwaloni, pale mitumbwi inaposhusha samaki, hawakuinua hata vichwa. Njia ya kurudi ukazima muziki. Muda mfupi baadaye ukanituma Ilagala, eti kuna mgombea mwenzetu anahitaji msaada. Niliporudi, Kibirizi yote ilikuwa na habari moja: Leokadia si Mtanzania. Ni Mrundi. Mama yake alivuka mpaka akiwa na mimba yake. Sauti ya mtu asiyejulikana ilikuwa inazunguka kwenye simu, analia kabisa, anasema nchi inauzwa.

Mheshimiwa akashinda. Siku ya sherehe, nyumbani kwako, umeshika samaki wa mgebuka kwa mikono miwili unafyonza kichwa, ukaniambia, "Nilichomeka neno moja tu, Mwaju. Likamaliza kazi ya kampeni nzima." Ukacheka. Uliponiona sicheki, ukaniambia maneno ya kampeni ni kama mabango, mvua ikinyesha yanabanduka yenyewe. Nikakuuliza, na yule mama atakaa wapi mpaka mvua inyeshe? Ukanawa mikono. Nikaondoka bila kuaga, na kwenye gari lako sikupanda tena.

Kabla hatujapatana ukaanguka bafuni. Kiharusi. Nilikuja hospitalini nikakukuta mdomo umepinda, ulimi haugeuki. Wewe, mtu wa maneno! Mama mdogo anawasimulia watu kwamba ulinishika mkono ukitaka kuniomba radhi. Mkono ulinishika, sikatai. Lakini macho yako yalikuwa mlangoni, kwa Mheshimiwa aliyekuwa anaingia na wapambe wake. Sitakutungia toba ambayo sikuiona.

Tulikuzika Ujiji na barabara ikafungwa kwa watu. Walikuja Waislamu na Wakristo, hata wagombea uliowaangusha. Jeneza lako lilipokezanwa mabegani mpaka likanipotea machoni.

Sasa nikueleze Bibi Anastazia alivyozikwa.

Ni mama yake Leokadia. Alifariki kwake Kidahwe, mvua za kwanza zilipoanza, wewe ukiwa umeshalala kaburini. Nilikwenda kuhani. Nikakuta maiti iko chini ya turubai na kaburi halijachimbwa. Wanaume wamekaa upande wao, majembe yamelala. Mzee mmoja, jirani yake wa siku zote, alikuwa anasema, "Akazikwe kwao." Kwao! Nyumba aliyozaliwa ilikuwa inaonekana pale tulipokaa, nyuma ya migomba. Katekista akijaribu kuanza sala, anaambiwa asubiri. Nikawauliza wamejuaje kwamba si wa hapa. Wakasema wamesikia kwenye simu.

Kidahwe, Baba mdogo. Kata yetu haifiki huko. Pale hapakuwa na mtu hata mmoja mwenye kura ya kumpa Mheshimiwa wako. Neno lako lilikwenda lenyewe, na mvua ilikuwa imenyesha, na halikubanduka.

Leokadia alikuwa amekaa chini kando ya mama yake anafukuza nzi kwa pindo la kanga. Halii. Anafukuza nzi tu. Hapo nikasimama.

Nikataja jina langu, nikataja la baba yangu, kisha nikataja la kwako, lote, na mtaa wako. Nikasema neno hili limetungwa Ujiji na baba yangu mdogo ili mgombea wake ashinde, na ameniambia kwa mdomo wake akicheka. Yule mzee akaniuliza, "Binti, unamtukana marehemu wenu mbele za watu?"

Nikamjibu, "Ndiyo, mzee. Mimi namtukana. Nyinyi chimbeni."

Aliyenyanyuka ni mke wa yule mzee. Akalichukua jembe miguuni pa mumewe, akaenda kupiga ardhi mwenyewe, na gauni lake la kanisani. Wanaume wakaona aibu, wakamfuata.

Baada ya mazishi Leokadia akanijia. Nilitegemea asante, au kofi. Akaniambia, "Haruna alikuwa anamjua mama. Alikula kwake."

Akanisimulia. Zamani, katika kampeni moja, gari lako liliharibika pale Kidahwe. Yule bibi akakulaza kwake, akakupikia maharage ya mawese, akakuita mwana wanje, mwanangu, kwa Kiha chake. Asubuhi akakuonyesha kaburi la baba yake, pale pale shambani, na historia ya ukoo akakupa.

Mpaka siku ile nilikuwa nimekubakishia kanafasi kadogo moyoni. Nilijiambia labda hukumjua, labda kwako Leokadia alikuwa sura kwenye bango tu. Kumbe ulilala ndani ya nyumba yao. Uliliona kaburi. Halafu ukakaa sebuleni kwako ukatunga...

Nimeweka kalamu chini, nimerudi.

Mama mdogo haniongeleshi tangu habari za Kidahwe zimfikie. Nikipita nje anafunga mlango. Watoto wako wanasema nimeuvunjia ukoo heshima. Mheshimiwa naye aliniita ofisini, akanikalisha kwenye kiti ulichokuwa unakaa, akasema uchaguzi unakaribia na anataka nitumie njia za mzee. Nikamwambia njia za mzee nimeshazitangaza msibani, atafute nyingine. Tabasamu likamfutika. Nikanyanyuka.

Leokadia anagombea tena. Alikuja mwenyewe nyumbani kunitaka nimwongozee kampeni. Nilikuwa na mpango tayari: nianze na wewe. Nipande kila jukwaa la Kibirizi nikuvue nguo mbele ya wale wale waliobeba jeneza lako. Maneno nilikuwa nimeshayapanga, na ni makali, ungeyasifu. Akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akakataa. "Jina la Haruna lisitajwe kwenye mikutano yangu. Mimi nataka wanichague kwa ajili ya choo cha mwaloni na maji. Sigombei na maiti."

Tulibishana mchana mzima. Nilimwambia watu wana haki ya kujua ukweli. Akasema ukweli atauleza yeye, wa kwao: alizaliwa wapi, nani alimzaa, kaburi la nani liko wapi. Wewe huna nafasi humo. Nimekubali, kwa shida. Ndiyo maana yote haya nayamwaga hapa, kwako, ambapo hayamvurugii mtu kura.

Basi kwa heri, Baba mdogo. Dua nitakusomea, kwa kuwa maiti ana haki yake kwa nduguze na siwezi kukunyima. Kazi pia nitaendelea nayo, maana ndiyo niijuayo. Lakini nakuahidi, na naandika nikiwa na akili zangu: hakuna mgombea nitakayemshika atakayeshinda kwa kumfukuza mtu kwao. Tukishindwa, tutashindwa na tutarudi nyumbani.

Msamaha usiutafute kwangu. Anao Bibi Anastazia, na sasa mko upande mmoja wa kaburi. Mtafute, umwambie kwa mdomo wako.

Mwajuma